Yusra Amenipandisha Ungo

Jumatatu, 3 Juni 2024

Yusra amemaliza katuni yake. Mjukuu wangu huyu, toka mama yake afariki, shingo imeinama kwenye kompyuta kama kuku anayedonoa. Ni zile za Kijapani, macho makubwa kama visosi. Ila watu wake wanaishi Ujiji: watoto watatu wanauza dagaa, kila wiki wanaharibu kitu. Watu wanacheka. Wiki hii kaingiza mtu mpya. Bibi mkali anayepika mawese.

Ni mimi. Khanga yangu, pengo langu, macho yangu mekundu. Hata sauti ni yangu — juzi alinishikisha simu akaniambia nigombe, nami nikagomba kweli, nikijua ni mchezo wa humu ndani.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu yule bibi akapanda ungo, akaruka juu ya ziwa kumfukuza mwizi wa samaki, migebuka.

Kicheko kikakatika. Nikamwambia atoe ungo. Akasema kwenye katuni za Kijapani wachawi wanapendwa, ni watu wema. Nikamwambia hapa mtaani Kasingirima hakuna Mjapani. Akasema ameshaiweka mtandaoni tangu asubuhi.

Jumatano, 5 Juni

Watoto wananiita Bibi Ungo. Wananifuata wakipiga makofi. Hao ni watoto. Bombani wanawake walinyamaza nilipofika. Hao si watoto.

Naandika polepole. Herufi nilizipata ngumbaru, ukubwani. Namkumbuka Yunisi wa Buzebazeba. Macho kama haya yangu, moshi ule ule, miaka na miaka kwenye pipa la mawese. Mmoja alisema ni mchawi, wa pili akaitikia. Wakamchomea nyumba. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Sikusema neno.

Alhamisi, 6 Juni

Ungo wangu nimeuvunjavunja, nikautia chini ya pipa. Umewaka vizuri. Basi.

Ijumaa, 7 Juni

Mjinga mimi! Kila Ijumaa Mama Luqman, jirani wa mlango wa pili, huja kuazima ungo apepete mchele. Leo kaja kama kawaida. Nikasema sina. Akauliza umekwenda wapi. Ningesema umetoboka. Ningesema panya. Nikasema nimeuchoma.

“Umeuchoma lini, bibi?”

“Jana.”

Akaniangalia machoni. Muda mrefu. Kumbe Luqman wake ana homa tangu jana. Mtoto wa miaka mitatu! Siku aliyozaliwa nilimpokea mimi kwa mikono hii, maana gari lilichelewa. Nikamgombeza mama yake: homa si ya kukaa nayo nyumbani, mpeleke hospitali sasa hivi, mchele utajipepeta wenyewe. Akaondoka bila kuaga.

Najua nilivyogomba. Kama yule wa kwenye katuni.

Jumamosi, 8 Juni

Luqman amelazwa, katundikiwa dripu. Mtaani wameshaunganisha: siku bibi alipochoma ungo ndiyo siku mtoto alipoanguka.

Mzee Jumanne, balozi wetu wa nyumba kumi, kaja na fimbo yake. Hakuketi. Uji wangu ameunywa miaka yote, leo kasema ameshiba. Anataka nifike kwake kesho baada ya alasiri, watu wana maneno. Nikamuuliza na yeye ana neno? Akaangalia pipa. Akasema yeye ni balozi tu.

Yusra kaifuta katuni. Analia. Anasema watu wameshaihifadhi kwenye simu zao, haifutiki. Anataka achore nyingine, yule bibi mbele ya pipa, moshi unamwingia machoni tangu msichana hadi mvi, wote waone wekundu umetoka wapi. Nikamwambia chora, mwana wanje, mwanangu. Ila katuni yako inachukua wiki nzima, na kesho ni kesho.

Nilitaka kumchapa. Nikamsuka nywele. Mikono yote miwili ikawa na kazi.

Jumapili, 9 Juni

Alasiri imeshaadhiniwa. Sijatoka. Nimevaa khanga safi, nimekaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Yusra nimemfungia chumbani, anagonga, anasema hawezi kuniacha niende peke yangu. Agonge.

Nisipokwenda watasema nimekimbia. Nikienda, sijui. Namtafuta hata mmoja atakayesema neno. Mimi kwa Yunisi sikusema.

Watu wanakuja. Hawakuningoja kwa balozi. Naona fimbo ya Mzee Jumanne. Mbele yao Mama Luqman, na mtoto mgongoni — kichwa kimeinuka, yu macho! Alhamdulillahi. Amekonda shingo.

Kwapani amebana ungo. Mpya, bado mweupe.

Ni wa kunipa badala ya ule niliouchoma, au wa kuniambia niukalie tuone kama naruka? Uso wake siusomi. Uso si herufi.

Luqman kaniona dirishani. Ananyoosha mikono, anaita Bibi Ungo, anataka nimrushe. Anacheka. Hakuna mwingine anayecheka. Wote wamesimama, wananitazama mimi.

Mama yake anapiga hodi.

Mtoto hana soksi na katoka hospitali. Uji upo jikoni, bado wa moto. Naenda kufungua