Karatasi Nyekundu za Baba Yetu, Zebedee Tolliver (1830–1873)

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokuokota kisimani, mpini wa ndoo ukiwa bado mkononi mwako. Risasi iliyokuua haijapata mwenyewe. Kaunti nzima ina bunduki, lakini eti hakuna aliyefyatua.

Ulikuwa mhunzi. Miaka tisa kabla ya kufa kwako ulikuwa mtumwa, mali ya mtu. Ukaja kuwa Mheshimiwa, mjumbe wa Bunge la Mississippi, ndani ya koti jeusi alilokushonea Mama. Naye hakukuogopa: "Mheshimiwa, kuni kwanza, sheria baadaye." Ulikwenda ukazipasua, ukiimba.

Hukujua kusoma. Wengi wetu hatukujua, ndiyo maana karatasi za kura za chama chetu zilichapwa nyekundu: mtu akiiona rangi, anaitia sandukuni, amemaliza. Ulipogombea tena, wapinzani nao wakachapa nyekundu, zenye majina yao. Hukugundua. Uliwagawia watu mia mbili karatasi hizo za uongo kwa mkono wako mwenyewe, ukitabasamu, ukaangushwa na kura za wanaokupenda.

Hukumlaumu mtu. Ulimwita binti yako Drusilla, aliyekuwa amerudi kutoka chuo cha ualimu. "Mwalimu, nifundishe. Ukiniona mgumu, nicharaze." Ulikuwa na miaka arobaini na mmoja. Uliandika herufi kwa chaki juu ya fuawe, ukazifuta kwa kiwiko.

Uchaguzi uliofuata ulisimama kwenye ngazi za duka la Stallard, panapopigiwa kura, ukamsomea kila mtu karatasi yake kwa sauti. Stallard akatoka na bunduki. Sisi tulikuwa chini ya ngazi.

"Zeb, shuka hapo."

"Nitashuka, Bwana Stallard. Yamebaki majina manne."

"Nani kakufundisha kusoma, wewe?"

"Mwanangu. Anafundisha hata watu wazima. Ukitaka, karibu."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Ulishinda. Siku ya kumi na moja ulikwenda kuteka maji.

Jumanne hii kiti chako kinagombewa tena, na tayari karatasi nyekundu za aina mbili zimeonekana mjini. Mwanao Lemuel amekuta pembe ya mlango wetu imetobolewa kwa risasi. Mama akamwambia Drusilla, "Nimeshazika mmoja. Usinizikishe wawili."

"Sawa, Mama. Nani atawasomea watu karatasi zao?"

Mama alijifungia chumbani siku mbili na sindano. Jana alitoka chumbani na koti lako. Amelipunguza mikono na kulibana mabega, limtoshe mwanamke.

Wanaokukumbuka: mkeo Keziah, wanao Lemuel na Drusilla, dada yako Tamar, anayekuombea bila kukauka machozi, na wale mia mbili, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kukulaumu.

Hatujakusahau, Baba, wala hatutakusahau. Jumanne asubuhi, ngazi ni zile zile.