Vali Iliyogandia Nusu

Alhamisi, 22 Julai 2021
Injini ya roketi imekataa kuwaka. Tena! Mwenzangu wa kazini Muema amenipigia kutoka shambani wanakofanyia majaribio, sauti imemwisha. Hesabu ilifika sifuri, vali ya oksijeni ikafunguka nusu, ikaganda. Bosi Rufus anasema wawekezaji watavumilia mara moja tu zaidi. Na vali hiyo niliiunganisha na kuifunga mimi, hapa karakana ya Parramatta, huku ugenini. Wueh.

Ijumaa, 23 Julai
Vali imerudi. Nimeifungua — kuna utando kwenye mpira wa kuziba, unanata kama uji uliopoa. Rufus analaumu kiwanda kilichotuuzia, ameshaanza kuwaandikia barua kali. Nimeunusa ule utando. Malimau! Sanitaiza yetu ya mlangoni. Hii korona imetufundisha kupaka kila kitu, na mimi siku ya kuifunga vali nilipaka hadi glavu, kisha nikashika mpira.

Jumapili, 25 Julai
Ibada ya Zoom. Sijasikia neno. Viza yangu imeshikwa na kampuni hii, nikifukuzwa nimekwisha. Nimemweleza Muema, anasema ninyamaze tu, nani atajua? Aki huyu! Si yeye ndiye husimama karibu na injini? Uchafu kwenye oksijeni leo umeganda, kesho utalipuka.

Jumatatu, 26 Julai
Nimesema! Rufus aliniuliza kama nina uhakika. Nikadondosha sanitaiza kwenye mpira mpya, nikaumwagia naitrojeni ya maji, baridi kali kama oksijeni yetu. Ukaganda palepale. Rufus akaifuta ile barua kali. Halafu akaniambia niende nyumbani, atanipigia. Nimefika kwangu Toongabbie nikalia jikoni mpaka wali ukaungua.

Jumanne, 27 Julai
Amepiga! Sanitaiza marufuku chumba cha vali. Na vali mpya ataifunga nani? Mimi. Amesema hataki mtu mwingine aiguse. Nimecheka peke yangu kama chizi.

Alhamisi, 12 Agosti
Vali niliyoifunga imeshaenda shambani; mimi siwezi, eneo letu limefungwa kabisa kwa korona. Muema ameegemeza simu kwenye ndoo nione, kisha akakimbilia nyuma ya ukuta. Ananitania kwa kupaza sauti kutoka huko: Dada Nkatha, leo isipowaka utanioa wewe. Mjinga! Naandika tu nisiuume ulimi. Rufus anahesabu. Tano. Nne. Mungu wangu. Vali — taa ya kijani — imefunguka yote! Yote! Sasa moshi mweupe, sioni kitu, Muema anapiga kelele, sijui ni za furaha au za hofu — ngoja, anacheka, imewaka!