Stroberi za Yumna

Yumna, ukiamka usipige kelele. Soma kwanza mpaka mwisho.

Muhogo umo sufuriani, nimeufunika kawa. Kuku watilie maji. Mlango wa uani ufunge, mbuzi wa Bi Duni asije akatafuna tena kanga zangu.

Sasa lile jambo. Baada ya sala ya alfajiri niliingia kwenye shamba lako la tableti, nia yangu kutia maji tu. Wallahi nikakuta stroberi zote zimeiva, nyekundu! Nikazichuma. Najua ulitaka ziuzwe, ununue mbegu nyingine kabla masika ya mchezo hayajaisha. Lakini mie tangu nizaliwe hapa Wingwi sijauza mavuno ya mwanzo majirani hawajaonja. Nikapita nyumba hadi nyumba mle mchezoni, kila mtu tunda lake, mpaka zikaisha.

Usilie! Kumbe na kule kuna watu wenye adabu. Kulipokucha kwao, mwenye duka kaja mlangoni na mfuko mzima wa mbegu, zawadi. Nimecheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia. Nimezipanda zote, na siku zilizobaki zinatosha kuzaa.

Na jana ulisema Bibi hajui kilimo cha kisasa!

~~Tableti iko kabatini.~~ Hapana, nakwenda nayo Mkoani, dada yangu naye akalione shamba. Mie nimelima lako, weye kapalilie muhogo wangu. Jembe liko nyuma ya mlango.

Bibi yako