Kidoti Ameanza Kukataa

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki, mara ya kwanza. Mwanetu Kidoti ana miaka mitatu na nusu, hajasema neno. Anakula mkate mweupe na maziwa tu. Kingine chochote — anageukia ukuta. Chekechea wameshasema mtoto asiyejua kuomba wala kukataa hawampokei. Tumepewa mpaka Aprili.

Mtaalamu wa matamshi na ulaji ni binti mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, miwani imeungwa kwa plasta. Kasema mtoto asilazimishwe tena. Azoeane na chakula kwanza: akiguse, akinuse, akibusu, akirudishe sahanini. Na sisi wazazi tufanye hivyohivyo mbele yake. Nikauliza, tubusu karoti? Ndiyo, na tuonekane tunafurahia.

Alhamisi, 7 Machi
Tumeshabusu karoti kumi na moja. Mume wangu ni mhasibu, mtu mzima na kipara chake. Alianza kwa haya. Sasa ananusa yai la kuchemsha mpaka anafumba macho. Kidoti anatutazama kama daktari wa zamu.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kaja bila taarifa, na begi lake la safari. Kapitiliza jikoni, kamkuta mwanawe anabusu karoti. Halafu kaniuliza mimi — mimi! — nimemlisha nini mtoto wake. Nikamweleza. Kasema yeye kalea watano, hakuna aliyebusu mboga, na wote wana meno.

Jumanne, 12 Machi
Tumekwenda kliniki na mama mkwe. Alitaka kumwona huyo mtoto anayefundisha wazazi. Mtaalamu kamuuliza Kidoti anapenda nini. Mama mkwe kajibu. Anaogopa nini? Mama mkwe kajibu. Kidoti yuko chini ya meza, anasukuma kipande cha karoti kwa kidole. Mama mkwe kakiokota, kamsogezea mdomoni.

"Sitaki."

Sauti nzito, kama ya mzee wa baraza. Mume wangu kalia. Mtaalamu karuka mpaka miwani ikaanguka. Kisha akawa mkali: neno hili liheshimiwe. Akisema sitaki, kitu kiondoke papo hapo. Akiona neno halifanyi kazi, atalificha tena. Isipokuwa dawa na kuvuka barabara.

Ijumaa, 15 Machi
Sitaki soksi. Sitaki redio. Sitaki kiti cha Baba — kiko uani. Sitaki tai, mhasibu kaenda ofisini shingo wazi. Nyumba inapungua kila siku. Mume wangu ananong'ona kwamba tukienda hivi tutabaki na kuta. Anacheka lakini. Na leo Kidoti kalamba yai! Ncha ya ulimi tu, kama anaonja stempu. Nimejifungia bafuni nikacheza peke yangu.

Jumapili, 17 Machi
Mama mkwe alimshika shavu amfute pua. Kidoti kamtazama.

"Sitaki Bibi."

Maneno mawili. Sentensi! Nilitaka kupiga makofi, mikono ikakwama hewani. Mama mkwe kasimama, kakunja kanga zake moja moja, kafunga begi.

"Si mmesema kitu kiondoke?" kasema. "Basi kinaondoka."

Hakwenda mbali. Kakaa kwenye ngazi ya nje, begi magotini. Mume wangu kampigia mtaalamu. Mtaalamu kasema neno liheshimiwe. Halafu akakiri hilo hawakufundishwa. Tusimsukume mtoto, basi.

Saa nzima sasa. Naandika hapa dirishani. Mume wangu kapeleka chai, karudi nayo haijaguswa. Nimemkasirikia mama mkwe tangu Jumamosi ile, na hivi sasa nautazama mgongo wake, sibanduki hapa.

Kidoti katoka mwenyewe. Kakaa ngazi iliyo chini ya Bibi yake, miguu bila soksi. Anafungua mdomo — anafunga. Anafungua. Mama mkwe ninayemjua mimi angeshammalizia sentensi tatu. Leo hapana. Kainamisha shingo, sikio karibu kabisa, anangoja.

Midomo ya Kidoti inakwenda. Mume wangu ananiuliza anasema nini. Sijui, kioo kinazuia. Namwambia asifungue dirisha.

Mama mkwe kateremsha begi chini. Anasogea kando, anampisha Kidoti akae —