Nyimbo Zinazokatika

Beijing, 8 Machi 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na Mama hajambo. Mimi mzima, ila baridi ya chumba hiki inamfanya mtu aogope maji.

Baba, usinikasirikie. Ile nafasi uliyoniombea kiwandani siitaki. Napiga ngoma katika bendi ya roki na wenzangu watatu, na watu wa ajabu namna hii sijawahi kuwaona. Hatuna mwalimu. Tunajifunza kwa sidi za Ulaya zinazoletwa bandarini kama taka za plastiki. Zinakatwa ukingoni kwa msumeno ili zisiuzwe, na vijana tunazinunua mitaani hivyo hivyo. Wimbo wa mwisho hukatika katikati. Sisi tulidhani ndivyo wenyewe wanavyomaliza! Basi nyimbo zetu zote zinakatika ghafla, wanne kwa pigo moja.

Binti yako,
Qiuhe

Baoding, 20 Machi 1999

Qiuhe,

Goti linauma, na barua yako imeliongezea. Mama yako anakusalimu huku analia.

Meneja anangoja jibu mpaka mwisho wa mwezi. Nimembembeleza mtu yule mpaka basi, wewe waniletea habari za takataka! Nimepiga ngoma ya kiwanda kila Mwaka Mpya tangu hujazaliwa, sijapata kuacha wimbo njiani. Maliza wimbo kwanza, ndipo ujiite mpiga ngoma. Rudi nyumbani.

Baba yako

Beijing, 2 Oktoba 1999

Baba,

Shikamoo. Goti je? Nimekuandikia kiangazi kizima, hujajibu. Nasikia nafasi alipewa mtoto wa jirani. Sijutii, lakini kimya chako kinaniuma.

Jamaa mmoja alituletea sidi nzima, tukausikia mwisho wa ule wimbo uliokuwa ukitukatikia: unafifia taratibu, basi. Aibu tuliyoona! Tukaufanyia mazoezi, tukaupiga baa ukififia hivyo hivyo. Watu wakapiga kelele: "Nyie, mmelala? Kateni!" Tukakata. Baba, ukumbi ulilipuka! Sasa hata bendi za Wuhan zinatuiga.

Tumerekodi kanda yetu wenyewe, bila kampuni, majalada tumekunja kwa mikono. Nakutumia yako. Tunapiga tena Jumamosi ya tarehe 23.

Binti yako,
Qiuhe

Baoding, 15 Oktoba 1999

Mwanangu,

Hatujambo. Goti bado, ila litapanda treni.

Kanda nimeisikiliza mpaka mama yako ameficha redio. Wimbo wa pili mkono wako wa kushoto unachelewa, kazana. Lakini kule kukata! Wanne kusimama kwa pigo moja, hata mmoja asibaki nyuma, kikundi chetu cha kiwanda hakijaweza hata siku moja. Teng, mpiga matoazi wetu, akasema kanda yangu mbovu. Nikamwambia, "Funga mdomo, huyo ni binti yangu."

Naona fahari, Qiuhe. Ilinipasa niseme mapema. Jumamosi nitakuja na mikate ya nyama ya punda, kile chakula chetu cha Baoding, ya kuitosha bendi nzima. Nitasimama nyuma kabisa, na usinitaje jukwaani, nitaona haya. Barua hii naimaliza kwa mtindo wenu, upate kujua kwamba baba yako