Dama Ana Macho Yako

Mama,

Amezaliwa. Ni mtoto wangu wa pili wa kike, na kwa desturi yetu hii ni zamu ya upande wako, basi tumemwita Dama kama wewe. Nusu ya kijiji chetu cha Ganda ilikuja kumtazama. Weupe wa macho yake umeingia samawati, kama shuka jeupe lililozidishwa bluu ya kufulia, na kila aliyemfunua uso alipiga vigelegele: "Dama karudi!" Nami nilicheka, nikaona nimerudishiwa mama yangu.

Sicheki tena.

Unamjua shangazi Kahaso, aliyetukanda sote tukiwa wachanga. Alikuja na mafuta yake ya nazi, akamlaza mtoto miguuni pake, akamkanda, kisha akamvuta mikono na miguu kumnyoosha viungo, ili akue na nguvu. Dama alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Shangazi akasema, "Anavyodeka huyu! Nyanyake mtupu." Kufika jioni, mkono wa kushoto haunyanyuki.

Hospitali huko Malindi wakakuta umevunjika. Daktari, binti mdogo tu, hakunigombeza. Alimtazama mtoto macho, akanitazama mimi, kisha akaniuliza habari zako. Nikamweleza ulivyovunjika mkono ukifunga banda la mbuzi, ukavunjika mbavu kwa kukohoa, na mwisho nyonga, ulipoinama tu kuokota ufagio, ukalala usiinuke tena. Sisi tulisema ni uzee. Wengine walisema umerogwa, wakaanza kumtazama jirani yetu kwa jicho baya. Daktari alisema ni mifupa dhaifu, kwamba hurithiwa, na samawati ya macho ni dalili yake. Uzee ulikuja kumalizia.

Nilikukasirikia, Mama. Kisha nikalia kwa kukukasirikia, maana ungejuaje?

Sasa naogopa kila mkono unaomsogelea. Nambadilisha nepi nimebana pumzi. Mama mkwe ananicheka, eti namlea mtoto kama yai. Shangazi Kahaso amenuna, lakini ametuma salamu kwamba mkono ukiunga atarudi amalize kazi, kwa kuwa mtoto asiyenyooshwa hulemaa. Mume wangu hasemi kitu. Nakijua kimya chake. Ni kimya cha mtu atakayewafungulia mlango nikiwa shambani.

Na kuna jambo sijamwambia yeyote. Leo asubuhi nilikuwa nakamua nguo, kifundo cha mkono wangu kikaalika, ka! Sasa kimevimba. Yule daktari alinitazama macho kwa muda mrefu mno, Mama.

Pumzika salama huko uliko, ila mjukuu wako usimngojee. Nakuahidi, shambani siendi, na shangazi hatamgusa nami ni hai. Nitakaa chini kabisa, nimlaze mapajani, na ikiwa ni lazima mtu avunjike, nitatangulia mimi.

Mwanao,
Kadzo