Koti Lisilo na Bitana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mgongo umetulia na cherehani haijaanza tena ule mlio wake. Goti la mama linaendeleaje? Mimi ni mzima wa afya, ila uvumilivu ndio umeniishia, na sababu ni wewe na baba mdogo.

Barua yako niliisoma kwa hasira. Watu wazima, ndugu wa tumbo moja, mafundi wa duka moja, mmesimamisha kabati katikati ya cherehani zenu ili msionane, kisa makala ya gazeti. Unasema yeye ndiye aliyeanza, alipodai kwamba Mizani, mwandishi wetu wa siasa, anampamba mbunge, na kwamba barabara mpya haina mifereji. Ukamjibu kwamba Mizani hana upande, kwani alimnukuu fundi mmoja asiye na chama, na fundi huyo aliisifu barabara. Sasa baba, si ungeniuliza mimi ninayefanya kazi humu humu gazetini?

Hukuniuliza, na mambo yamekuja yenyewe. Wasomaji walilalamika, mhariri akanikabidhi makala za Mizani za mwaka mzima nizipime: anamnukuu nani, anaacha nini, ana uhusiano gani na anaowasifu. Hilo la uhusiano lilikuwa jepesi. Mke wa mbunge ni dada yake, na hajaliandika hata siku moja. Baba mdogo hakukosea, ingawa najua neno hili litakuchoma.

Kilichonisumbua ni wananchi wake. Kila makala ina fundi: fundi anacheka, fundi anatikisa kichwa, fundi anamshukuru mbunge. Nikampigia simu kumwuliza mafundi hao ni wangapi na wako wapi. Hakuona hata haya. Alijibu kwa majivuno kwamba yeye hajifungii ofisini kama sisi. Anaye fundi wake, mzee mwenye kipaji cha kusema, na kila Jumatatu humpelekea suruali ya kupunguza ili apate kumsikiliza. Mzee mwenyewe hajui anaongea na nani. Nikamwomba anipe maneno yote ya siku ile ya barabara, si vipande. Akasema mzee aliiita koti zuri, kisha akaongeza porojo kwamba barabara bila mifereji ni koti lisilo na bitana, mvua ikinyesha mtajuta. Hiyo nusu ya pili, akasema, ilikosa nafasi.

Msemo huo nimekua nao, baba, kutoka kinywani mwako. Koti lisilo na bitana ni mimi nilipotaka kuacha shule. Ni mchumba wangu wa kwanza. Ni chai ya shangazi. Sijawahi kumsikia mtu mwingine akisema hivyo. Nikamkumbuka na yule mteja wako msikivu, unayemshangaa mbona kila wiki anapunguza suruali na tumbo halipungui.

Baba, fundi asiye na chama ni wewe. Na maneno ya mifereji uliyomgombezea baba mdogo yalikuwa yako kabla hayajawa yake. Ulisema kweli nzima, gazeti likachapa nusu, nawe ukaliamini gazeti ukamkana ndugu yako. Hilo linaniudhi kuliko Mizani mwenyewe.

Taarifa yangu iko kwa mhariri. Juu kabisa nimeandika kwamba fundi huyo ni baba yangu, maana siwezi kumlaumu mtu kwa kuficha shemeji nami nikaficha baba. Huenda kazi hii akapewa mwingine, na sawa tu.

Wanasema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Mimi nimelima nimechoka. Mizani akija Jumatatu mpe suruali yake, kisha mwambie mbele ya baba mdogo kwamba aliyesema ni wewe, na nusu iliyobaki unaidai.

Mama mpe pole ya goti na umwambie nitampigia. Salamu za baba mdogo safari hii siziandiki. Mpelekee mwenyewe, yupo upande wa pili wa kabati.

Mwanao akupendaye hata akinuna,
Kifungua mimba wako